Maji ya Juu na Maji ya Chini: Safari za Mbali za Baisikeli Wakati wa Mvua

Leo nitasema nanyi juu ya safari za mbali za baisikeli, zile zinazofanywa na watu wengi pamoja, na hasa juu ya safari hizo mvua inaponyesha. Najua wako watakaosema, "Mwalimu, mambo hayo ni ya vijana wa mjini wenye baisikeli za thamani, sisi wa shamba yatuhusu nini?" Naomba mnivumilie kidogo. Mkulima apelekaye ndizi sokoni mwendo wa kilomita 30, akarudi jioni na chumvi na sabuni, amekwenda kilomita 60 siku hiyo, na hapana aliyempigia makofi. Yeye ndiye bingwa wa mchezo huu, ila hakuna aliyemwambia.

Tangu mwaka 2019 pamekuwako msafara uitwao Twende Butiama. Wapanda baisikeli huondoka Dar es Salaam, huikata nchi kwa zaidi ya kilomita elfu moja, na hufika Butiama katika mkoa wa Mara, kwa ukumbusho wa Mwalimu Julius Nyerere, aliyefariki tarehe 14 Oktoba 1999 na kuzikwa katika kijiji hicho alichozaliwa. Mwalimu mwenyewe hakuwa mgeni wa safari ngumu. Mwezi wa Oktoba 1967 alitembea kwa miguu kutoka Butiama mpaka Mwanza, zaidi ya kilomita 200, ili kuliunga mkono Azimio la Arusha.

Sasa itazameni kalenda ya mvua. Mtu akiondoka Dar es Salaam mwishoni mwa kiangazi, kwa kawaida vuli haijashika pwani bado. Akipita Dodoma atakuta vumbi, maana kule mvua ni ya msimu mmoja tu, nayo huanza Novemba au Desemba. Lakini akikaribia Ziwa Viktoria mambo hugeuka. Kanda ya Ziwa hupata vuli mapema kuliko pwani, na ngurumo za alasiri katika mwezi wa Oktoba si jambo la ajabu huko. Kwa hiyo msafiri huyu haikimbii mvua, bali huiendea. Na huiendea akiwa amekwisha kuchoka, tena katika nchi iliyoinuka. Uso wa Ziwa Viktoria uko mita zipatazo 1,134 juu ya bahari, na kila tupandapo mita 1,000 hewa hupungua joto kwa nyuzi sita au saba hivi. Kijana wa Kariakoo aliyezoea jasho la Februari ataloa kule, atapigwa na upepo, na meno yake yatagongana naye asijue ni kwa sababu gani.

Wanachuo wangu huniuliza kila mwaka kama mtu mwenye baisikeli ya kawaida aweza kushiriki safari ya namna hii. Jibu langu ni kuwaeleza safari niliyoshiriki mimi, iliyo fupi kuliko hiyo ya Butiama, ila ilifanywa katikati ya masika. Tulikuwa walimu na wanachuo kumi na wanane, tukatoka Mnazi Mmoja kwenda Morogoro, karibu kilomita 190, kwa siku mbili, tukilala Chalinze.

Miongoni mwetu alikuwamo kijana mmoja wa mwaka wa pili, ambaye mama yake huuza mchicha na bamia Kariakoo. Siku moja kabla ya safari nilikwenda kumsalimu mama huyo, kwa kuwa sikupenda kumchukua mtoto wa watu bila idhini. Nilimkuta ameketi juu ya ndoo iliyofudikizwa, turubai juu ya kichwa chake, na maji yakipita chini ya meza yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu. Najua lililokuleta. Huyu ni mwanangu wa pekee. Mvua siiogopi, nimeloa hapa sokoni miaka ishirini, na hivi unavyoniona mimi mzima. Ninachoogopa ni kile." Akanyosha kidole kwenye mtaro uliokuwa ng'ambo ya njia, ambao mfuniko wake ulikuwa umeondolewa, na maji yameujaza mpaka yakawa sawasawa na barabara. "Sasa hivi wewe unajua kuwa pale pana shimo, kwa sababu nimekuonyesha. Je, mgeni?"

Nimesoma vitabu kadhaa juu ya safari za baisikeli, lakini sijaona kilicholisema jambo hili wazi kama alivyolisema mama yule. Katika safari ya mvua mna maji ya namna mbili. Maji ya juu hutoka mawinguni. Hayo hulowesha, huchosha, huudhi, na dawa yake ni maarifa kidogo na uvumilivu. Maji ya chini ni yale yaliyokwisha kuanguka na kukusanyika: mtaro uliojaa, kidimbwi kilichofunika shimo, mto uliopanda juu ya barabara. Hayo ndiyo yauayo. Na kwa bahati mbaya vijana wengi huyaogopa ya juu, wakayadharau ya chini.

Niseme neno moja juu ya mahali hapo petu, kisha niendelee. Jina la Kariakoo latokana na Carrier Corps, yaani jeshi la wapagazi ambalo Waingereza waliliweka kambini hapo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Wapagazi wale walikwenda mamia ya maili katika matope ya masika wakiwa wamebeba mizigo ya watu wengine, na makumi ya maelfu yao walikufa, wengi kwa maradhi na uchovu kuliko kwa risasi. Mtu anunuaye koti la mvua Kariakoo leo hawakumbuki, wala simlaumu. Lakini mwalimu wa historia hawezi kupita pale akanyamaza.

Tulikutana Mnazi Mmoja saa kumi na moja alfajiri. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, na saa ile imekuwa manyunyu tu. Tukashika Mtaa wa Lumumba, tukatokea Barabara ya Morogoro, tukapita Faya, tukateremka Jangwani. Hapo tukasimama. Maji yalikuwa yamelala juu ya barabara, rangi yake kama chai ya maziwa, yametulia kama yaliyo katika beseni. Manyunyu nayo yalikuwa yamekatika.

Kijana wetu akasema, "Mwalimu, mvua imekwisha, na maji hayafiki magotini. Tazama, wenye pikipiki wanavuka."

Ni kweli, wawili walivuka mbele ya macho yetu. Lakini kiongozi wetu, mzee mmoja afundishaye jiografia, hakujibu neno. Aliokota kijiti, akakichomeka penye ukingo wa maji, akafungua chupa yake ya chai. Baada ya robo saa alituita tutazame. Maji yalikuwa yamekipita kile kijiti kwa hatua mbili. Mvua haikunyesha, na maji yalikuwa yakipanda.

Asiyeijua nchi hii atadhani ni mazingaombwe, kumbe sababu yake ni nyepesi. Mto Msimbazi huanzia katika vilima vya Pugu, upande wa Kisarawe, hupokea vijito vya Ubungo, Luhanga na Sinza, kisha hupita Jangwani na kuingia baharini karibu na Daraja la Salenda. Mvua iliyonyesha Pugu usiku hufika Jangwani asubuhi, wakati watu wa Kariakoo wameanza kuanika nguo. Wahenga walisema, maji usiyoyafika hujui wingi wake. Mwezi wa Desemba 2011 bonde hili lilifurika hata watu wapatao 40 wakapoteza maisha jijini, na wengi waliopoteza makao wakahamishiwa Mabwepande. Na tangu hapo barabara ile imefungwa mara nyingi kwa sababu ya maji, hata mabasi yaendayo kasi, yaliyoanza kazi mwaka 2016, yakalazimika kusimama.

Maji yaendayo kasi, hata yakiwa ya magoti tu, yaweza kumwangusha mtu mzima. Mwenye baisikeli ana hatari zaidi ya mwenda kwa miguu, nami nitawaambia kwa nini. Mwenda kwa miguu akisukumwa hutupa mikono na kushika chochote. Mwenye baisikeli mikono yake imeshika mali. Hataki kuiachilia, kwa maana aliinunua kwa mshahara wa miezi mingi. Na wakati anaposhindana na mto juu ya baisikeli, mto humchukua yeye pamoja nayo.

Kijana wetu alinung'unika. Wenzake wawili walikuwa na haya, kwa sababu watu walikuwa wamesimama kututazama, na mmoja wao akatucheka wazi: "Hao ndio waendao Morogoro, na Jangwani imewashinda!" Haya ya namna hiyo ina nguvu kubwa sana juu ya vijana, tena hata juu ya wazee. Kiongozi wetu akasema neno moja tu, "Kawia ufike," akageuza baisikeli yake. Tukarudi, tukashika Mtaa wa Uhuru, tukapita Ilala na Buguruni, tukatokea Barabara ya Mandela, na kwa njia hiyo tukafika Ubungo. Tulichelewa saa mbili.

Barabara ya Mandela ina malori ya bandarini, na hapo mvua ilirudi. Hapo ndipo nilipowafundisha wale wageni wa mvua jambo la utelezi. Watu hudhani kuwa kadiri mvua inavyozidi, ndivyo barabara inavyozidi kuteleza. Si hivyo. Dakika za kwanza ndizo mbaya kupita zote, kwa kuwa vumbi na mafuta ya magari huchanganyika na maji kidogo na kufanya utando kama wa bamia. Mvua kubwa ikinyesha kitambo, husafisha. Lakini mistari ya rangi iliyochorwa barabarani, vifuniko vya chuma, na reli pale tunapoivuka, hivyo huteleza muda wote. Vivuke kwa kunyosha gurudumu, bila kupinda wala kufunga breki juu yake. Na kidimbwi usichojua chini yake kuna nini, usikiingie. Kama lori liko nyuma yako na huwezi kukiepa, teremka usimame pembeni.

Nimetaja breki. Kijana wetu alipanda Phoenix ya Uchina, baisikeli nzito ya kuchukulia mizigo, nao wenzake wenye baisikeli nyembamba za mashindano walikuwa wamemcheka tangu Mnazi Mmoja. Kufika Kimara kicheko kilikuwa kimepungua. Phoenix ina madigadi mapana mbele na nyuma, na cheni yake imefunikwa kwa bati. Baisikeli za mashindano hazina. Kila aliyekuwa juu ya baisikeli ya namna hiyo alikuwa na mstari wa matope kutoka kiunoni mpaka kisogoni, na aliyemfuata alikuwa akiyala matope hayo kwa kinywa. Kwa hiyo, ninyi wa shamba, msiyang'oe madigadi kwa kuiga wa mjini!

Lakini haki ni haki. Kwa upande wa breki baisikeli nzito ina aibu yake. Rimu zake ni za chuma, na kipande cha mpira kikibana chuma chenye maji, huteleza tu kama sabuni mkononi. Mwendo unaohitaji hatua tano kusimama siku ya jua waweza kuhitaji hatua kumi na tano au zaidi siku ya mvua. Rimu za aluminiamu ni bora kidogo, na breki za diski ni bora kuliko zote. Mwenye rimu za chuma na afanye hivi: kabla hajafika penye mteremko abane breki polepole, magurudumu yazunguke mara kadhaa mpaka yajifute maji, ndipo zishike. Na katika miteremko ya Kimara na Mbezi aanze kupunguza mwendo juu, si chini. Kijana wetu alifanya hivyo, na hakuanguka. Mwenye baisikeli nzuri kuliko zote alianguka Kibamba, akachubuka kiwiko, kwa sababu aliziamini mno.

Sasa maji ya juu. Huko Ufaransa pana safari iitwayo Paris–Brest–Paris. Ilianza mwaka 1891 kama mashindano, na mshindi wa kwanza alikuwa Charles Terront. Siku hizi si mashindano tena; ni kila mtu na nafsi yake. Hufanyika mara moja katika miaka minne, mwendo wake ni kilomita 1,200, na muda mrefu kuliko yote unaoruhusiwa ni saa 90, usingizi ukiwa ndani yake. Mwaka 2007 mvua na upepo viliwaandama wasafiri usiku na mchana. Walioanza walikuwa zaidi ya 5,000, wengi wao watu waliojitayarisha vizuri, na bado watatu hivi katika kila kumi hawakumaliza kwa wakati. Wengi wao hawakushindwa na umbali. Walishindwa na baridi, na nguo zilizowachuna ngozi, na mikono iliyokufa ganzi, na kutokula.

Kwetu baridi si kali kama ile, lakini kanuni ni hiyo hiyo: maji hunyang'anya mwili joto upesi mno kuliko hewa kavu. Jambo la ajabu ni kwamba mtu hahisi baridi akipiga pedali, huihisi akisimama. Basi koti la mvua la nailoni usilivae kila saa, maana pwani yetu ina joto, na ndani yake utaloa kwa jasho kama ulivyoloa kwa mvua. Livae unaposimama, na unaposhuka mteremko mrefu. Paka mafuta ya mgando mapajani na kwapani kabla ya kuondoka, usingoje kuwashwa. Nguo moja kavu ifungwe isipenye maji, wala isifunguliwe mpaka ufike mahali pa kulala. Mama yake kijana wetu alikuwa amempa kanga mbili, akazifunga kwa nailoni nene iliyofungiwa godoro. Zamani watu walitumia mifuko ya plastiki ya sokoni, lakini hiyo ilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019. Sikitiko langu ni dogo, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa ikiiziba mitaro.

Juu ya chakula nitasema kifupi. Mvua humdanganya mtu kwamba hana kiu. Jasho linamtoka vilevile, ila halioni. Kiongozi wetu alitusimamisha Mlandizi kwa nguvu, tukanywa uji wa moto na kula mihogo na karanga, ingawa baadhi yetu walitaka kuzifidia zile saa mbili za asubuhi. Mashambani penye ngurumo jambo hili la kusimama si la hiari. Radi ikikaribia, msiwe peke yenu juu ya barabara iliyo wazi, wala msikimbilie chini ya mti mmoja uliosimama pekee. Tafuteni nyumba, au ingieni ndani ya gari.

Tulipokwisha kulivuka Daraja la Ruvu, gurudumu la nyuma la kijana wetu lilitoboka. Siku za mvua hutoboka sana, kwa kuwa mpira uliolowa hukatwa na kigae kwa urahisi kuliko mpira mkavu. Alitoa kiraka na solusheni yake, na mwenzake mmoja, mwenye haraka, akamwambia, "Kibandike tu, twende." Kijana akakataa. Solusheni haishiki penye unyevu hata kidogo. Kitakachobandikwa hivyo kitabanduka baada ya kilomita mbili. Aliutoa mpira wa ndani wa akiba, akafunguliwa ile kanga moja ishikwe juu yake kama hema na watu wanne, akapapasa ndani ya tairi kwa kitambaa mpaka akakipata kigae, akatia mpira mpya. Ule uliotoboka aliubandika usiku, Chalinze, mkavu. Mimi mwalimu wake nilisimama kando nikiishika pembe ya kanga, wala sikuwa na la kuongeza.

Tulifika Chalinze saa moja na nusu usiku. Alimpigia mama yake simu. Nilikuwa karibu, nikasikia swali la kwanza la mama lililotoka katika simu ile. Hakuuliza kama ameloa, wala kama amekula. Aliuliza, "Jangwani mlipitaje?" Kijana akanitazama, akasema, "Hatukupita, mama. Tulizunguka." Upande wa pili pakawa kimya kidogo, kisha mama akaanza kumweleza bei ya bamia.

Siku ya pili jua lilitoka, milima ya Uluguru ikaonekana imeoshwa, na mpaka Morogoro hapana la kusimulia.

Limebaki jambo moja, nalo husahauliwa na karibu watu wote, maana mtu akifika hutaka kuoga na kulala. Baisikeli iliyopigwa mvua siku nzima haijafika mpaka maji yatoke ndani yake. Ipindueni chini juu. Pangusa cheni kwa kitambaa kikavu, kisha itieni mafuta mepesi, tone moja kwa kila kiungo, si oili chafu ya gari, ambayo hushika mchanga na kuufanya kuwa msasa. Fungua msumari wa kiti, ng'oa kiti na bomba lake, mwageni maji yaliyoingia katika fremu. Zungusheni magurudumu mkisikiliza. Yakilia kama mchanga kinywani, grisi imeoshwa. Na maji yatakayomwagika katika fremu yakiwa na rangi ya kutu, ipelekeni kwa fundi kabla juma halijaisha.